Ingia, Tata

Neno lenyewe nililipata sokoni Ikonge, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi za kuiva, na sikumuuliza yeye alilitoa wapi. Alisema ya kwamba kule Sironga upepo umeng'oa paa la mzee mmoja, mzee akakimbilia nyumba ya mwanawe aliyeoa, akavuka mlango kabisa, na kabla mvua haijakatika mtoto mchanga wa nyumba ile akawa amekufa. Alisema hivyo huku akinipangia ndizi kikapuni, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Kisha akamtazama mtoto wangu mgongoni, akaniambia nimfunike masikio asisikie.

Nilicheka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimpapasa mtoto mgongoni. Jethro wangu alikuwa hajaota hata jino. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo, nikachuma chai nalo. Nikipepeta wimbi, liko. Nikipiga magoti kuomba, limepiga magoti kando yangu.

Nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu, na hata kwa watoto wetu wa siku hizi wanaozaliwa mjini. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwanamume akishaoa, baba yake haingii tena katika nyumba yake. Atasimama uani, ataita, ataletewa kigoda nje, na uji wake atanywea nje. Na mimi mke wa mwanawe simshiki mkono wala sikai karibu naye. Ni heshima nzuri, siidharau. Imenilinda hata mimi, kwa maana hakuna mzee aliyewahi kuingia jikoni kwangu kunihesabia viazi. Lakini heshima hiyo iliwekwa na watu waliokuwa wameketi pakavu.

Ulikuwa mwaka wa 1966. Mume wangu Manasseh alikuwa akiuza nguo katika duka la watu Kisii mjini, akilala huko huko, akija nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijatua ili Sabato ya Jumamosi imkute kwake. Nyumba yetu ilikuwa ya pembe nne, na chai ilikuwa imetupatia mabati, ya kwanza kabisa upande wetu wa kilima. Baba mkwe wangu, Nyangau, alikuwa mjane. Nyumba yake ya mviringo, ya nyasi, ilikuwa chini kidogo ya yetu, na karibu nayo ghala lake la wimbi. Nyuma ya ghala alikuwa amepanda mikaratusi, nayo ilikuwa imerefuka mpaka watu wakawa wanaelekezana nyumbani kwetu kwa miti hiyo. Mwanawe mkubwa, Ombui, na mkewe Nyaboke walikuwa ng'ambo ya kijito. Nyumba ya Ombui nayo ni nyumba ya mwana. Kwa hivyo mzee, nyasi zake zikiondoka, hakuwa na mahali pengine pa kuingia duniani.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, siku ya maandalizi. Nilikuwa nimeshapika chakula cha Sabato, nimeteka maji, nimemwogesha Marion, binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa hajaanza shule. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa imevimba kama shavu la mtu aliyepigwa. Nikaona migomba ya majirani wa chini ikichanwa majani, shamba kwa shamba, dhoruba inapanda kuja kwetu, na sauti ikawa kama lori linalopanda mlima kwa gia iliyokataa. Mvua ya mawe ilipogonga mabati yetu, nilimwona Marion akifungua mdomo kulia na nisisikie kitu.

Niliangalia kwa ufa wa dirisha. Paa la mzee lilinyanyuka lote pamoja, kama mtu anavyovua kofia akiwakuta wakubwa, likaenda kuketi katikati ya chai. Mzee akatoka, blanketi begani na kigoda chake kichwani kumkinga na mawe. Hakuangalia hata upande wetu. Alienda moja kwa moja hadi ghalani, akachutama chini yake katikati ya vile vigingi, na ghala lote lilikuwa likitikisika juu ya kichwa chake. Nyuma yake miti ile ilikuwa ikiinama na kuinuka.

Niliwaingiza watoto chini ya meza, nikaegemeza godoro mbele yao, nikamwambia Marion amshike mdogo wake na asitoke hata akiitwa na mtu yeyote. Nikajifunga leso kichwani, nikatoka.

Mawe yale yalinipiga kama mtu mwenye kinyongo. Nilipofika ghalani nilichutama nje, si chini yake, kwa sababu hata wakati ule mwili wangu ulikumbuka kwamba sikai karibu na baba mkwe.

"Tata, twende nyumbani," nikamwambia; tata kwetu ni baba.

"Nyumbani kwangu ni hapa."

"Hapa ni kwa wimbi."

"Basi leo mimi ni wimbi. Rudi kwa watoto."

Nilidhani anajivuna. Wazee wetu wengi wangekubali kuvunjika mfupa kuliko kuvunja mwiko, halafu ninyi mliobaki mnawaimbia vizuri kaburini. Nikamwambia asinifanye nilie mvuani. Akapangusa maji usoni, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Umesikia ya Sironga?"

"Nimesikia."

"Na mimi nimesikia. Mimi miaka yangu nimeshaila. Yule mdogo hajala hata ugali. Niache hapa, mama Marion."

Hapo ndipo nilipojua. Hakuwa akilinda jina lake hata kidogo. Alikuwa akimlinda Jethro. Neno la yule mama wa ndizi lilikuwa limelala katika matumbo mawili, langu na lake, na hakuna aliyemwambia mwenziwe. Nikakasirika. Sikumkasirikia mzee. Nililikasirikia lile neno, kuona limetoka Sironga kwa miguu ya watu na sasa linataka kumwua mzee wangu chini ya ghala lake mwenyewe, na mimi nalitazama tu.

"Tata," nikasema, "mtoto ni mimi niliyemzaa. Kama kuna kitu kinakuja kumdai, kije kinidai mimi. Inuka."

Hakuinuka. Nikamshika mkono. Sikuwahi kumshika mkono tangu niolewe. Ulikuwa baridi kama jembe la asubuhi. Nikavuta, naye akashtuka sana kwa kushikwa hivyo hata akasahau kukataa, akanifuata.

Mlangoni akakwama. Nilimwambia aingie. Aliangalia kizingiti kama mtu anayeangalia mto uliofurika. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka sijui nicheke au nilie. Alijifunika blanketi kichwani, akageuka akauelekeza uso uani, akaingia kinyumenyume, akipapasa kwa kisigino, ili asione ndani ya nyumba ya mwanawe. Nilipofunga mlango alibaki vile vile, uso mbele ya mbao.

Na ilikuwa heri, kwa maana upepo ulikuja ukaupiga mlango ule, komeo likakatika kama kijiti. Mzee alikuwa pale pale. Aliuegemea kwa kifua na mikono miwili, akachimba vidole vya miguu katika sakafu ya udongo, nami nikaja nikasukuma kando yake. Juu yetu bati moja lilichomoka, halafu lingine. Maji yakaingia. Kisha tukasikia mshindo nje, nyumba ikaruka na sisi ndani yake, na sikujua ni nini.

Marion alikuwa amechungulia nyuma ya godoro, akamwona babu yake amesimama kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.

"Sokoro," akaita, ndivyo tunavyomwita babu, "geuka uone nyumba yetu."

"Mimi naona mlango, Marion," akajibu bila kugeuka. "Mlango wenu ni mzuri."

Upepo ulipotulia alifungua, akatoka, wala hakuangalia nyuma. Tulisimama uani sote. Mkaratusi mmoja ulikuwa umelala juu ya ghala, na ghala lilikuwa limebanwa chini kabisa, wimbi limemwagika matopeni. Kile kigoda alichokuwa amekiacha pale chini kilikuwa vipande. Mzee aliangalia hayo yote, akasema tu kwamba wimbi limeharibika. Mimi nikakaa katika mvua ya mawe iliyokuwa ikiyeyuka.

Sasa Nyaboke, mke wa Ombui, alikuwa ndiyo kwanza anavuka kijito kuja kutujulia hali, akamwona mzee anatoka mlangoni kwangu. Sisemi ana roho mbaya. Alisaidia kuokota wimbi mpaka giza likaingia. Lakini kabla ya asubuhi kilima kizima kilijua, na Sabato kanisani wanawake waliniamkia kwa mkono mmoja na kumwangalia mtoto kwa macho mawili.

Manasseh alipofika Ijumaa ile na kuona ule mti, alimshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Kisha Jumapili Jethro akapata homa.

Mwanzoni ilikuwa kikohozi. Halafu akawa anapumua kama mbwa aliyekimbizwa, mbavu zikionekana. Nyaboke alikuja, akamgusa, akaniambia polepole kwamba nisikawie: mbuzi achinjwe, wazee wa ukoo wapake kizingiti mavi ya tumboni mwa mbuzi huyo, mlango ule ung'olewe na uwekwe mwingine, na mzee asimguse mtoto mpaka hayo yawe yamekwisha. Nilimwambia mtoto ameloa maji yaliyopita palipong'oka bati, na maji ya mvua ya mawe ni baridi, ndiyo sababu anakohoa. Akaniuliza kama na yule wa Sironga aliloa maji.

Jioni ile Manasseh, aliyekuwa hajarudi mjini, akaja na mbuzi kutoka kwa Ombui, akamfunga kwa mgomba. Alikuwa ameahidi wazee waje kesho yake alasiri. Hakuwa akiamini, aliniambia hivyo mwenyewe, lakini alitaka midomo ifungwe.

"Haitafungwa," nikamwambia. "Mbuzi akichinjwa na mtoto akapona, watasema mbuzi ndiye amemponya. Akifa, watasema mbuzi alikuwa mdogo. Na upepo mwingine ukija, mzee mwingine atakufa nje akiogopa kuua mjukuu wake."

"Na sisi tukikataa, afe?"

Hilo lilinikata. Nililia usiku kucha nikimsikiliza mtoto akivuta pumzi, nami mara mbili nilinyanyuka nimwambie Manasseh achinje tu. Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Kulipopambazuka nilimfunga Jethro mgongoni nikaenda naye zahanati ya Nyamira. Wakamsikiliza kifua, wakasema ni nimonia, wakamchoma sindano, wakanipa dawa na kuniambia nimrudishe. Nilipotoka pale nilisimama njiani. Kushoto kwangu njia ya nyumbani, kwa mbuzi. Kulia ya Sironga, nako hakukuwa mbali. Nikasema, mimi nitakwenda kumwona mwenyewe huyo aliyefiwa, niambiwe kwa mdomo wake. Kama ni kweli, nitajua la kufanya.

Nilimpata bila shida, kila mtu alikuwa akinionyesha njia kwa kidevu. Anaitwa Bosibori. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba isiyo na ukuta upande mmoja, anamenya viazi, maziwa yamemlowesha gauni. Ukiona maziwa ya mama yanatoka bure hivyo, huna cha kusema. Nilikaa chini. Nikamwambia mimi ni nani na nimekuja na nini mgongoni, na watu wanasema nini Ikonge.

Aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Wanasema aliingia?"

"Wanasema aliingia, mtoto akafa."

"Laiti angeingia." Aliweka kisu chini. "Mzee Onchiri, baba mkwe wangu, alikuwa hapo mlangoni, nje, anapigwa na mawe. Mimi nikamwambia ingia, yeye anasema hapana. Nikatoka na ngozi ya ng'ombe nimfunike, tukabishana hapo. Namwambia ingia, ananiambia heshima. Mtoto nimemwacha kitandani. Tulipokuwa tukibishana ule ukuta ulianguka juu ya kitanda."

Nikaangalia pale palipokuwa na ukuta.

"Ndipo akaingia," akasema Bosibori. "Aliingia kuchimba. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Watu walipokuja walimkuta ndani, amemshika mtoto. Basi wakasema walichokiona."

Mzee Onchiri mwenyewe alikuwa ameketi mbali, kwenye kichaka cha chai, mikono imefungwa matambara. Nilimwamkia. Hakuitikia, na sikumlaumu. Bosibori aliomba amshike Jethro kidogo. Wengine wangekataa, na mimi nilitaka kukataa, lakini nilimfungua nikampa. Alimshika, akasikiliza kile kifua kinavyokwaruza, akanirudishia, akaniambia, "Nenda ukawaambie. Mimi hapa nimeshachoka kuwaambia, hawanisikii."

Nilipofika nyumbani wazee walikuwa wamekwisha kuketi uani. Mkubwa wao alikuwa Obwocha, mdogo wa baba mkwe wangu, mtu mwenye maneno ya polepole na masikio ya haraka. Kisu kilikuwa juu ya jani la mgomba. Mzee Nyangau alikuwa ameketi peke yake upande wa pili, kama mshtakiwa. Mwanamke hasemi kwanza mbele ya wazee, nami hilo nalo nililivunja, maana nilikuwa nimeshaanza kuvunja. Nilisimama na vumbi la Nyamira miguuni, nikawaeleza yote, neno kwa neno kama Bosibori alivyoniambia, pamoja na zile kucha.

Nyaboke alikuwa amejishika kinywa. Obwocha akasema kwamba hayo ni ya Sironga na huenda ni kweli, lakini hapa kwetu mzee ameingia, na mtoto ni mgonjwa, na sisi si watu wa kucheza na mambo. Akaniuliza, "Na kesho mtoto mwingine akiugua, utasema nini?"

"Nitampeleka zahanati," nikajibu. "Na upepo ukija tena nikukute wewe nje, nitakuvuta wewe pia."

Mtu alicheka, nadhani ni Ombui, akajifanya anakohoa. Obwocha hakucheka. Alimgeukia kaka yake, akamwuliza kama na yeye anakataa mbuzi, maana yeye ndiye aliyevunja mwiko.

Baba mkwe wangu alimtazama mbuzi.

"Mimi nilishavuka," akasema. "Mbuzi hawezi kunirudisha nyuma. Mfungueni, ana kiu."

Manasseh ndiye aliyemfungua. Hakuniangalia alipokuwa akifungua, lakini alimfungua. Wazee walikunywa uji, wakaondoka wakinung'unika, na wawili kati yao hawakukanyaga tena uani kwetu mpaka walipozikwa.

Kwa siku nyingi baada ya hapo Jethro alikuwa akipanda na kushuka. Nilimrudisha Nyamira kwa sindano, nikarudi tena. Kila alipokohoa nilihisi kilima kizima kikitega sikio. Sikupata usingizi wa mtu mzima mpaka asubuhi moja alipolia kwa hasira, si kwa maumivu, akinyonya kama aliyedhulumiwa. Wakati huo ndipo nilimpeleka uani nikamweka mapajani mwa babu yake, mchana kweupe, Nyaboke akiwa anapita njiani. Nilitaka aone.

Sasa ni mwaka wa 1977, na Jethro anapiga mpira mpaka viatu vinalia. Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita upepo ulipiga tena, na kule Nyakoe nimesikia mama akisema, na mimi nimesimama naye kwenye foleni ya kusaga unga, kwamba kuna mzee aliyeingia kwa mwanawe na sasa watu wanangoja. Niligeuka nikamwuliza wanangoja nini. Mimi nina hofu, sikatai. Kila mawingu yakivimba upande wa ziwa nahesabu watoto wangu kama kuku. Lakini hofu yangu naielekeza kwenye vitu vinavyoua kweli. Mama unayesoma haya, au unayesomewa na mtoto wako, jiepushe na haya:

Usimwache mzee nje kwa ajili ya chinsoni. Mvute kwa mkono.

Usibishane naye mlangoni. Mkiwa mlangoni, hakuna aliye salama, si wewe, si yeye, si aliye ndani.

Usimlaze mtoto karibu na ukuta wa udongo unaotazama upepo. Mweke chini ya meza nzito, katikati ya nyumba.

Usichutame chini ya ghala.

Usipande mkaratusi mahali ambapo ukianguka utafika nyumbani au ghalani.

Usisimulie msiba wa nyumba ya watu kabla hujaenda kumwuliza mwenyewe.

Usikawize mtoto anayehema kwa mbavu ukingoja mbuzi. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Usipigilie mabati misumari michache, wala usitegemee mawe juu yake. Upepo huyabeba, nayo huanguka juu ya watu.

Usitoke kukimbilia bati lako likiruka, hata likiwa jipya. Na upepo ukinyamaza ghafla, usitoke upesi. Mara nyingi unarudi.